MKATE WA MADOADOA WA NCHI YA WELISI
(Somo la jiko pamoja na la kemia)



Somo la leo linatoka mbali, lakini vitu vyake ni vichache: unga wa ngano, sukari, yai moja, zabibu kavu na chai. Ndani yake hakuna siagi, hakuna mafuta, hakuna maziwa. Hata hivyo mkate unaotoka mu tanuru unaweza kukaa juma zima bila kukauka, tena siku ya tatu ni mzuri kuliko siku ya kwanza. Juu ya nini mkate usio na mafuta haukauki? Ndilo ulizo la somo hili. Jibu lake linaanza usiku, mbele ya siku ya kupika, ndani ya bakuli la chai.

JINA LAKE NA NCHI YAKE

Mkate huu unaitwa bara brith. Maneno haya ni ya Kiwelisi, lugha ya nchi ya Welisi, ile ambayo katika masomo ya jeografia tunaiita Pays de Galles, upande wa magharibi wa kisiwa cha Britania. Bara maana yake mkate, brith maana yake wenye madoadoa, sababu ukikata kipande zabibu zinaonekana kama madoa meusi. Angalieni kwamba Wawelisi wanatanguliza jina, kisha sifa, sawasawa na sisi, Mwingereza anageuza. Na th ya mwisho inasomwa kama th ya thelathini. Basi mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kushindwa kulitaja.

Jina hili liko na historia. Katika miaka ya 1800, katika shule nyingi za Welisi, mtoto aliyesikiwa akisema Kiwelisi alivikwa shingoni kipande cha mti. Juu yake palichorwa herufi mbili, W na N, maana yake «Kiwelisi hapana». Mtoto yule alikivaa mpaka amsikie mwenzake akifanya kosa lilelile, ndipo alimpasia. Aliyekutwa nacho jioni alipigwa fimbo. Wazee wengi waliosoma katika shule za Afrika watatambua desturi hii bila kuelezwa zaidi. Lugha haikufa: katika hesabu ya watu ya 2021 watu karibu 538,000 walisema wanajua Kiwelisi, ni kusema kadiri ya 18 kwa 100, na sheria ya 2011 iliipa cheo cha lugha rasmi ya nchi. Lakini wengi waliipoteza. Na hata hao walioipoteza, wakitaka mkate huu, wanasema bara brith. Dukani pia imeandikwa hivyo. Waliokatazwa lugha shuleni waliishika mezani.

Sisi watu wa Congo tuko na sababu nyingine ya kuijua nchi ile. Mwaka 1885 mmisionere Mbatisti mmoja, William Hughes, alirudi kwao Welisi kutoka Congo ya chini, akiongozana na vijana wawili, Kinkasa na Nkanza. Kiisha alifungua chuo katika mji wa Colwyn Bay, kando ya bahari, upande wa kaskazini. Watu waliita nyumba ile Nyumba ya Congo, na vijana wengi wa Afrika walisoma humo mpaka ilipofungwa, mbele ya vita ya 1914. Kinkasa na Nkanza hawakurudi. Walikufa wangali vijana, na makaburi yao yako kule Old Colwyn mpaka leo. Anayesoma habari za Welisi asifikiri basi kwamba anasoma habari za watu wasiotuhusu kabisa.

MIKATE MIWILI, JINA MOJA

Sasa kuna mabishano. Ukiuliza wamama wawili wa Welisi namna ya kupika bara brith, unaweza kupata majibu mawili yasiyofanana hata kidogo. Mmoja atasema: twaa chachu, kanda unga, ngoja uumuke. Mwingine atasema: chachu ya nini? Lowesha zabibu mu chai, changanya, tia mu tanuru. Na kila mmoja atakuambia kwamba wake ndio wa kweli.

Ule wa chachu ni wa zamani zaidi. Katika nyumba za wakulima tanuru kubwa haikuwashwa kila siku, sababu ilikula kuni nyingi. Mama wa nyumba alikuwa na siku yake ya kupika mikate ya juma zima. Alipokwisha kugawanya donge la mkate wa kawaida, alichukua sehemu iliyobaki, akatia mafuta ya nguruwe, sukari, viungo, na konzi ya zabibu kavu. Tanuru ilipoanza kupoa kidogo, ndipo mkate huo uliingia, sababu sukari inaungua upesi kwa moto mkali. Mambo haya tunayajua kwa sehemu kubwa juu ya kazi ya mama mmoja, Minwel Tibbott, wa jumba la makumbusho la St Fagans, karibu na mji wa Cardiff. Alizunguka nchi akiwauliza wamama wazee namna walivyopika utotoni mwao, akaandika majibu yao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1976. Upande wa kusini aliwakuta watu wakiuita mkate wa namna hii jina lingine, teisen dorth. Ni kazi ambayo mtu angeweza kuifanya huku kwetu pia, na wazee wanaojua hawakai milele.

Ule wa chai ulingoja kitu ambacho mbele yake hakikuwako: unga wa kuumuka pasipo chachu. Mwaka 1843, katika mji wa Birmingham, mtaalamu wa dawa Alfred Bird alitengeneza levure chimique, sababu tumbo la mke wake halikuvumilia chachu. Mwaka 1845 Henry Jones, mpika mikate wa Bristol, alipata hati ya kuuza unga uliokwisha kuchanganywa na dawa hiyo. Bristol inatazamana na Welisi ng'ambo ya maji. Tangu hapo mtu mwenye tanuru ndogo nyumbani, asiye na siku nzima ya kungoja donge, aliweza kupika mkate mtamu kwa saa moja na nusu. Na chai iliyobaki mu birika haikumwagwa tena.

Mimi naona mabishano haya yana sababu ndogo. Mikate hii miwili imezaliwa na matanuru mawili, moja la kuni lililowashwa mara moja kwa juma, moja dogo linalowashwa wakati mtu anapotaka. Lakini kosa kubwa linafanywa na wale wanaochanganya njia hizi mbili. Chachu ni kitu chenye uzima. Inakula sukari na kutoa gesi ya kaboni. Ukiitupa katikati ya sukari nyingi, ile sukari inaivuta maji mpaka inalegea, na donge linakaa tu kama jiwe. Kwa hiyo katika mkate wa zamani sukari ilikuwa kidogo na zabibu ziliingia nyuma, donge likiisha kuumuka mara ya kwanza. Levure chimique haina uzima. Haijali sukari. Lakini inaanza kazi yake mara inapopata maji, nayo haingoji mtu. Ndiyo sababu unga wa mkate wa chai unaingia mu tanuru palepale. Ukienda kusalimia jirani kwanza, gesi itakuwa imekwenda zake.

ZABIBU ZIKO NA KIU

Turudi kwa ulizo letu. Zabibu mbichi, maji yake ni kadiri ya 80 kwa 100. Zikianikwa juani zinabaki na maji kadiri ya 15 kwa 100. Ndiyo sababu kupata kilo 1 ya zabibu kavu kunataka karibu kilo 4 za zabibu mbichi. Zabibu kavu basi iko na kiu. Ukiitia mu unga hivihivi, itakunywa maji ya mkate wenyewe: kandokando ya kila zabibu mkate utakauka, na zile zilizo juu zitaungua na kuwa chungu kama makala.

Kwa hiyo tunazinywesha mbele. Tunazimwagia chai ya moto, tunafunika, tunaziacha usiku kucha. Maji yanapita katika ngozi ya zabibu na kuingia ndani penye sukari nyingi. Wale wa masomo ya biolojia wanaijua kazi hiyo, ni osmose. Asubuhi zimenenepa, mikunjo imepungua, na chai iliyobaki chini ni nzito na tamu. Zikiingia mkateni sasa, mambo yanageuka: badala ya kuiba maji, zinayatoa polepole, siku kwa siku. Hapo ndipo jibu lilipo. Kazi ambayo mafuta yanafanya katika keki nyingine, kulainisha na kuzuia ukavu, hapa inafanywa na zabibu zilizoshiba. Ni kama mtu aliyejaza mtungi mbele ya kiangazi.

Kuna jambo moja linaloweza kujaribiwa hata mu darasa. Pima gramu 50 za zabibu kavu mara mbili. Fungu la kwanza utie mu chai tupu, fungu la pili mu chai iliyotiwa sukari nyingi. Kesho yake uzifute na uzipime tena. Zile za chai tupu zitakuwa nzito zaidi, sababu sukari iliyo nje inayashika maji yasiingie kwa upesi. Kwa hiyo wamama wengine wa Welisi wanatia sukari pamoja na zabibu usiku, na wengine wanaitia asubuhi. Mkate wa kwanza unakuwa na zabibu ngumu kidogo na mchuzi mzito. Wa pili zabibu zake ni laini sana. Mimi napenda njia ya asubuhi, lakini ile ya usiku si mbaya, na ndiyo inayoandikwa mara nyingi.

Na juu ya nini chai, si maji tu? Maji yangenenepesha zabibu vilevile. Lakini chai iko na tanini, ule ukakasi unaokamata ulimi, na mkate huu uko na utamu mwingi wa sukari na wa zabibu. Ukakasi unaupunguza utamu, na rangi ya chai inaufanya mkate kuwa wa kahawia mpaka ndani. Anayekula hasikii chai, anasikia tu kwamba utamu hauchokeshi. Chai iwe nyeusi na kali, bila maziwa. Majani usiyaache ndani usiku kucha; yachuje baada ya dakika 5 hivi, la sivyo uchungu utashinda.

KAZI YENYEWE

Kwa mkate mmoja wa kilo moja na zaidi: zabibu kavu gramu 350, chai kali ya moto mililita 300, sukari ya kahawia gramu 200, unga wa ngano gramu 300, levure chimique vijiko vidogo 3, yai 1, chumvi kidogo sana, na kijiko kidogo 1 cha viungo vilivyosagwa: mdalasini, kungumanga, karafuu kidogo. Asiye na mizani apime kwa kikombe cha mililita 250: zabibu vikombe 2 na theluthi, chai kikombe 1 na robo bila kujaza, sukari kikombe 1, unga vikombe 2 na nusu. Sukari nyeupe inaweza, lakini mkate utakosa ile harufu ya molasi.

Zabibu zinaweza kuwa za namna yoyote. Wawelisi wanachanganya kubwa za dhahabu na zile ndogo nyeusi zinazoitwa kwa Kifaransa raisins de Corinthe, juu ya mji wa Korintho wa Ugiriki, uleule wa nyaraka za Paulo, sababu biashara yake ilipita huko. Wengine wanaongeza ganda la chungwa lililopikwa mu sukari.

Jioni: osha zabibu, zitie mu bakuli, mwaga chai ya moto juu yake, funika kwa kitambaa.

Asubuhi: washa tanuru mpaka 160. Paka chombo cha mkate siagi ao mafuta kidogo, tandika karatasi. Hapana kumwaga chai iliyobaki chini ya zabibu. Ni maji ya mkate. Tia sukari, koroga iyeyuke, kisha yai lililopigwa. Mu bakuli lingine chekecha unga pamoja na levure, chumvi na viungo. Mwaga unga juu ya zabibu, koroga kwa mwiko mpaka usione tena unga mkavu, na uache. Hapa wengi wanaharibu kwa bidii. Ukiendelea kukoroga, gluteni ya ngano inakamatana kama mpira. Ni nzuri kwa mkate wa chachu, lakini mkate huu utakuwa mgumu wa kutafuna. Unga uwe mzito, uanguke kutoka mwiko kwa shida. Ukiwa mwepesi kama uji, zabibu zote zitashuka chini. Ongeza basi kijiko kimoja ao viwili vya unga.

Tia mu chombo, peleka mu tanuru, saa 1 na robo mpaka saa 1 na nusu. Usifungue mlango mbele ya dakika 45, sababu katikati pangali pabichi na pataanguka. Ukiona juu panakuwa peusi upesi, funika kwa karatasi. Ingiza kijiti katikati: kikitoka bila unga mbichi, mkate umeiva. Zabibu moja iliyonata juu ya kijiti isikudanganye. Moto usizidi. Sukari hii yote inaungua nje wakati ndani pangali uji, na hakuna dawa ya mkate wa namna ile.

Kwa nyumba isiyo na tanuru, sufuria nene ya chuma inatosha. Tandika mchanga mkavu chini, vidole viwili, weka mawe madogo matatu, washa moto wa makala mu mbabula mpaka mchanga upate moto. Chombo cha mkate kinakaa juu ya mawe, kifuniko kinafungwa, na makala mengine yanawekwa juu ya kifuniko. Makala ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Hapa saa haiwezi kutuongoza, ni kijiti tu. Mara nyingi kazi inafika saa mbili. Na kwa kuwa zabibu kavu ni ghali, mtu anaweza kutumia ndizi zilizokaushwa zikikatwa vipande vidogo. Kazi ya kunywesha ni ileile. Lakini huo utafute jina lake. Si haki kuuita bara brith.

Wenye kutaka ule wa zamani wafanye hivi, kwa ufupi: unga wa mikate gramu 450, mafuta ya nguruwe ao siagi gramu 75 yaliyosuguliwa ndani ya unga, chachu kavu gramu 10, sukari gramu 75, chumvi, viungo, yai 1, maziwa ya vuguvugu kadiri ya mililita 225. Kanda dakika 10. Ngoja mpaka donge liwe mara mbili, ni kusema saa 1 na nusu hivi mahali penye joto. Kanda zabibu gramu 225 ndani yake, tia mu chombo, ngoja liumuke tena, kisha tanuru ya 190 kwa dakika 45. Mkate huo uliwe upesi, siku mbili tatu, sababu hauna mtungi wa chai ndani yake.

KUNGOJA NA KUKATA

Mkate wa chai ukitoka, uache upoe kabisa mu chombo chake. Halafu ufunge mu karatasi safi, utie mu sanduku lenye kifuniko, na hapana kuugusa mpaka kesho, ao kesho kutwa. Najua kwamba katika nyumba yenye watoto sheria hii ni nzito. Lakini siku ya kwanza zabibu ziko na maji na mkate kandokando uko mkavu kidogo; siku ya pili na ya tatu maji yanatembea, mkate unakuwa wa namna moja, na kisu kinapita bila kuvunja. Anayekata ukingali wa moto anapata makombo.

Vipande viwe vyembamba, na juu ya kila kipande siagi yenye chumvi. Hapo ndipo siagi iliyokosekana ndani inapata nafasi yake. Kule Welisi wanakula hivyo mchana, pamoja na chai. Na si Welisi tu: mwaka 1865 watu wao zaidi ya 150 walivuka bahari kwa meli Mimosa, wakashuka Patagonia, katika nchi ya Argentina, kusudi wakae mahali ambapo watoto wao watasema Kiwelisi bila kuvikwa mti shingoni. Katika nyumba za chai za bonde la Chubut, katika mji wa Gaiman, wanauza mikate yenye zabibu mpaka leo, na wahudumu wanasema Kihispania.

MAULIZO

1. Mama mmoja amesahau kulowesha zabibu usiku. Ni saa mbili asubuhi, wageni wanakuja saa kumi. Anaweza kufanya nini na zabibu zake na chai ili apunguze muda, na mkate wake utakuwa na tofauti gani siku ya tatu?

2. Juu ya nini sukari nyingi inadhuru chachu, na haidhuru levure chimique?

3. Pima zabibu kama tulivyoeleza, mbele na nyuma ya usiku mmoja. Andika hesabu zako katika daftari na uzilete mu darasa la kemia.

4. Uliza bibi yako namna moja ya kupika ambayo hakuna kitabu kinachoiandika. Iandike kwa maneno yake mwenyewe, katika lugha yake mwenyewe, pamoja na vipimo vyake.